Alizeti mbichi haipimiki

Msimu huu maabara yetu hapa Arusha imepokea malalamiko mengi kwamba mashine ya kupima mafuta ya mbegu inapunja. Tumeona tueleze.

Mashine haina madini ya urani wala eksirei. Neno nyuklia lililo kwenye jina lake (NMR, yaani mwitiko wa sumaku wa nyuklia) ni kiini cha atomi, na viini tunavyovipima ni vya haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta. Mbegu zikitoka kwenye sumaku ya mashine unaweza kwenda kuzipanda. Tumelisema hili mara nyingi mno, na bado wapo wanaomtuma mtoto alete sampuli kwa kuogopa kuingia wenyewe.

Kinachotenganisha mafuta na vingine ni kasi ya viini kutulia. Tunavigonga kwa mpigo wa mawimbi ya redio, kisha tunasikiliza. Mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) chache za mwanzo koili yenyewe, ule waya uliozungushwa unaopiga na kusikiliza, bado inavuma, hatusikii kitu. Maganda na protini hunyamaza upesi sana. Ikifika mikrosekunde 50 tunasikia maji na mafuta tu. Unafuata mpigo wa pili, na milisekunde 7 tangu ule wa kwanza unarudi mwangwi, jambo alilolionyesha mwanafizikia Erwin Hahn mwaka 1950. Maji yaliyoshikiliwa ndani ya mbegu kavu yameshanyamaza, yamebaki mafuta.

Ukileta mbegu mbichi, maji yake yako huru, hayanyamazi kwa wakati. Mwangwi huyahesabu kuwa mafuta, cheti kinasifu, mkamuaji anakamua asiyaone. Ndiyo maana unyevu ukizidi asilimia 10 hatupimi.

Anika kwenye turubai, si chini. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe juu ya mbegu zilizoanikwa kwenye udongo wetu wa volkano, uone chembe nyeusi zilivyoiotea manyoya. Chembe hizo huharakisha viini kutulia, na mafuta yako yakasomeka pungufu.

Pepeta, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika jina na tarehe ya kuvuna. Sampuli yenye mawe au msumari inarudishwa: unajaza fomu upya, unalipa ada upya, unapanga foleni upya, na ada ya kwanza hairudi. Anayechanganya magunia mawili kwa jina moja, cheti chake kinafutwa.

Na tafadhali msigonge dirisha. Kusoma huchukua nusu dakika, lakini kwa baridi hii ya Julai mbegu lazima zipashwe kwanza hadi nyuzi 40, joto lile lile la sumaku.