Alizeti kutoka Tanzania: usihesabu mafuta peke yake

Kenya hulima alizeti kidogo, na mafuta mengi ya kupikia tunayotumia ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiyo maana wengi wanaotaka kuagiza mbegu kutoka Singida au Dodoma hulinganisha bei ya kilo ya mbegu na bei ya lita ya mafuta, wakaona faida iko wazi. Hesabu hiyo imewaumiza watu.

Kilo ya mbegu haitoi lita ya mafuta. Alizeti nyeusi ya mafuta ina takriban asilimia 40 ya mafuta, na mashine ndogo ya kukamua haiyatoi yote. Ile yenye mistari, ya kutafuna, ina mafuta machache zaidi. Ukiuziwa hiyo umeshapoteza kabla ya kuwasha mashine. Halafu alizeti ni nyepesi: lori hujaa kabla halijafikisha uzito wake, kwa hiyo nauli ya kila kilo hupanda.

Kinachookoa biashara mara nyingi ni mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku wanayahitaji sana, na huwa ni zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu ulizonunua. Tafuta mnunuzi wa mashudu kwanza, ndipo uagize mbegu.

Kuhusu karatasi: chukua kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea na cha uasilia wa Afrika Mashariki, kinachoonyesha mbegu zilikotoka.