Chura wa Kihansi hakuuawa na jangili

Kila msimu wa midahalo ya mazingira ukikaribia, walimu hunitumia kazi za wanafunzi wao nizipitie. Mnyama hubadilika, sababu haibadiliki. Tembo: ujangili. Nguva: ujangili. Tumbusi: ujangili. Safari hii nimeletewa kazi nzuri tu kuhusu chura wa Kihansi, imeandikwa kwa mwandiko safi, na hitimisho lake linaitaka serikali iongeze askari wa kupambana na majangili wa vyura. Basi nimechoka, naandika. Hizi ndizo dhana potofu ninazokutana nazo, na majibu yangu.

Dhana: Wanyama wanatoweka kwa sababu ya ujangili

Kwa tembo na kifaru sina ubishi. Kakakuona vilevile: biashara ya kimataifa ya aina zote nane imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na magamba yake bado yanakamatwa kwa magunia. Tatizo ni kubeba jibu la tembo na kumbandika kila kiumbe.

Chura wa Kihansi ni wa manjano, mzima wake hafiki sentimita tatu, na hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto hai. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996 chini ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, mahali padogo palipolowana mchana na usiku kwa rasharasha za maji. Duniani kote hakuwa na makazi mengine. Hakuna aliyemla wala aliyemwinda. Alichohitaji ni yale maji yanayoruka tu, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 180.

Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya mto, takriban asilimia 90, ilipitishwa kwenye mitambo na bonde likakauka. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaongezeka tena hadi maelfu. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka ndani ya muda mfupi. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikutwa bondeni. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari, ikatangaza kwamba chura huyu ametoweka porini. Waliosalia walikuwa kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000.

Sasa niambie, askari mwenye bunduki angefanya nini hapo?

Kwenye mdahalo, mpinga hoja mwenye akili atasimama na kuuliza: tuzime taa za hospitali kwa ajili ya chura wa sentimita tatu? Aliyekariri ujangili hana la kujibu, atakaa chini. Aliyefanya utafiti atajibu kwamba hakuna anayedai kuzima mitambo. Kinachodaiwa ni kiasi cha maji ya kuachiwa bonde, na kwamba uchunguzi wa viumbe wa bondeni ufanyike kabla ya kuchora bwawa. Huko Kihansi chura alifahamika wakati ujenzi umeshaanza. Hiyo ni hoja, kwa sababu ina mtu wa kuelekezwa kwake: mhandisi, wizara, mfadhili.

Tumbusi nao. Wengi hufa kwa sumu, na mara nyingi haikutegwa kwa ajili yao. Simba kala ng'ombe, mfugaji kwa hasira katia sumu kwenye mzoga, na kundi zima la ndege linashuka kula. Ni kweli majangili nao hutia sumu, ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari mahali tembo alipoangushwa. Lakini yule mfugaji hutampata kwa doria. Atapatikana kwa boma imara, na kwa fidia inayofika.

Nguva hunaswa kwenye jarife, wavu mkubwa uliotegewa papa. Mvuvi hakumtaka, na akimkuta mara nyingi ameshakufa maji, maana nguva anavuta hewa kama sisi.

Nadhani najua kwa nini ujangili unapendwa. Jangili ni mtu tusiyemjua, anatoka mbali, tunaweza kumlaani bila kumuudhi yeyote. Ukitaja jarife katika shule ya pwani, umemtaja baba wa nusu ya darasa. Mwalimu anaogopa, mwanafunzi anaogopa, na nguva anaendelea kunaswa. Ushauri wangu, na wanaonifahamu wameusikia hadi wameuchoka: kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tafuta mnyama wako anahitaji nini ili aishi, kisha tafuta ni mkono wa nani uko juu ya kitu hicho. Mwandikie huyo.

Dhana: Mnyama maarufu ndiye aliye hatarini

Nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara wamekuwa wakikadiriwa kupita milioni moja. Kipunji, nyani wa Rungwe na Udzungwa, alitangazwa kisayansi mwaka 2005 tu, na misitu yake inakatwa. Fungua Orodha Nyekundu ya IUCN usome daraja la mnyama wako, na uangalie kama ni la spishi nzima au la jamii yake moja. Twiga kwa ujumla na twiga wa Kimasai hawako daraja moja.

Dhana: Ndani ya hifadhi wako salama

Baadhi ya kima punju wa Unguja huishi nje ya hifadhi ya Jozani, mashambani mwa watu, na barabara inayokatiza hapo ilikuwa ikiwaua kwa wingi hadi yalipowekwa matuta. Matuta! Kazi iliyofanywa na kitu kidogo tu hivyo, na sijawahi kuyaona kwenye insha ya mwanafunzi hata mmoja.

Dhana: Tukiwaweka kwenye bustani ya wanyama tumewaokoa

Tumenunua muda, basi. Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na Fatu, wote majike, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Na vyura wetu walipoanza kurudishwa bondeni mwaka 2012, ilibidi warudishwe kwenye maji ya mabomba.

Dhana: Hoja nzito ni fedha za watalii

Nani atalipa kiingilio kumtazama tumbusi? Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii walipungua mno. Je, tembo walipoteza haki ya kuishi kwa miezi ile? Tumia utalii kama hoja ya tatu au ya nne, usiuweke mbele.

Dhana: Idadi ni idadi

Niliwahi kuwasikiliza wanafunzi wawili wakiitana waongo. Mmoja alisema Tanzania ina tembo zaidi ya laki moja, mwenzake akasema ni elfu arobaini na kitu. Wa kwanza alishika sensa ya 2009, iliyotoa kama 109,000. Wa pili ya 2014, iliyotoa kama 43,000. Kati ya namba hizo mbili ndipo ilipokuwa hoja yao yote, tena hapo ujangili ulikuwa jibu sahihi kabisa, na hakuna aliyeigusa. Idadi isiyo na mwaka naikata kwa kalamu nyekundu.