Broila, dagaa na dona: maswali mnayoniuliza sana

Swali: Eti broila anachomwa homoni, ndo maana wiki tano tu yuko tayari?

Jibu: Hapana jamani. Siri ni mbegu na chakula. Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walifuga kuku wa mbegu ya 1957 na wa mbegu ya 2005 wakawalisha chakula kilekile, siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na gramu 905 hivi, huyu mwingine kilo 4.2. Ni miaka ya kuchagua wazazi wanaonenepa haraka, basi. Afu mfugaji mwenye kuku elfu mbili nani atamchomea sindano mmoja mmoja kwa bei hii ya kuku?

Swali: Kwa hiyo hana shida kabisa?

Jibu: Sijasema hivo. Mimi naogopa antibayotiki. Kuku wamebanana bandani, wakianza kukohoa mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo bila hata kumuuliza daktari, anachanganya kwenye maji, kesho kutwa anauza. Kila dawa ina siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti, kabla hazijaisha nyama na mayai hayatakiwi kufika sokoni, na ukipika unapunguza tu hayo mabaki, huyamalizi. Ubaya zaidi bakteria wa bandani wanazoea dawa, usugu ukihamia kwetu unaumwa UTI unapewa dozi haishiki. Na wafuga kienyeji nao wapo wanaotumia dawa hizohizo msijidanganye.

Swali: Sasa kienyeji namlipia hela yote hiyo ya nini?

Jibu: Ladha, na mafuta kidogo maana anatembea anachakura kutwa. Protini hawapishani sana. Kiini cha yai chenye njano kali kisikudanganye, rangi inatokana na alichokula na hata chakula cha kiwandani kinaweza kuwekwa rangi. Mfuko ukiruhusu broila tu, toa ngozi, mchemshe, maana chipsi kuku shida yake kubwa ni lile karai lenye mafuta ya tangu juzi.

Swali: Sato wa vizimba na wa kuvuliwa ziwani nani bora?

Jibu: Wote protini safi, ila wa kizimba akilishwa sana soya na mahindi omega 3 yake, yale mafuta mazuri ya samaki, inashuka. Ukiniuliza mie achana na sato nunua dagaa, unamla mzima na kichwa na mifupa yake, kalsiamu, chuma na zinki vyote humo. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria inasagwa kuwa chakula cha mifugo, yani dagaa anapitia kwa kuku kwanza ndo atufikie, na minofu ya sangara nayo inapanda ndege kwenda Ulaya tunabaki na mapanki, yani mifupa na vichwa. Tafuta waliokaushwa kwenye vichanja, wale wa mchangani osha maji ya moto mara mbili tatu.

Swali: Mahindi ya shambani kwetu je, si ndo salama kuliko unga wa dukani?

Jibu: Inategemea mmeyahifadhi vipi. Mwaka 2004 kule Ukambani Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, mengi ni mahindi ya kulima wenyewe yaliyowekwa na unyevu, na 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, na hapo hakuna kiwanda. Ugali uive vipi sumu haifi. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezipoteza kinuni, lakini mahindi yakiwa na ukungu dona ndo inabeba sumu zaidi sababu nyingi inakaa kwenye pumba na kiini. Anika juu ya turubai, yakauke kabisa kabla ya kuweka kwenye gunia, punje zenye ukungu tupa, usimpe ng'ombe wa maziwa maana itakurudia kwenye chai. Na mama mjamzito anayekula sembe ya dukani aangalie pakiti kama imeongezwa virutubishi, hasa chuma na foliki asidi.