Uume Husimamaje? Maswali Kuhusu Damu na Mishipa ya Fahamu

Ni msuli gani unaokaza uume unaposimama?
Kinachousimamisha ni msuli kulegea. Ndani ya uume kuna mirija miwili iliyolala sambamba, imejaa vitundu kama sifongo. Muda mwingi misuli laini ya kuta za vitundu hivyo, pamoja na ya ateri zinazoleta damu, huwa imebana, na damu hupita kidogo tu. Ikilegea, ateri hutanuka na vitundu hujaa damu. Vikishavimba huzibana veni ndogo, zile zinazotoa damu, kwenye ala ngumu inayozunguka mirija ile, na damu iliyoingia inakosa pa kutokea.

Amri inatoka wapi?
Kuna njia mbili. Moja huanzia kwenye ubongo: umeona, umewaza, umesikia sauti ya mwenzako. Nyingine ni ya kuguswa, na huishia sehemu ya chini ya uti wa mgongo bila kungoja ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wanaume walioumia uti wa mgongo sehemu za juu bado husimamisha wakiguswa. Njia zote mbili humalizia kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, nayo ndiyo inayoilegeza misuli. Wanasayansi watatu wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye mishipa ya damu, mwaka uleule Viagra iliporuhusiwa nchini kwao.

Asubuhi nasimamisha vizuri, nikiwa na mke wangu nashindwa. Kwa nini?
Mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 usiku, zaidi akiwa katika usingizi wa ndoto, na ile ya asubuhi mara nyingi ndiyo ya mwisho. Kama bado unaipata, yaelekea damu na neva zako ni nzima. Angalia hofu. Mtu akiwa na wasiwasi mwili humwaga adrenalini, nayo huibana ileile misuli inayotakiwa kulegea. Ukishindwa leo, kesho unaingia kitandani na woga, jogoo hawiki tena.

Kisukari kinahusikaje?
Huharibu neva na pia utando wa ndani wa mishipa ya damu. Sigara na shinikizo la damu huathiri mishipa hiyohiyo. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4. Nyembamba huonyesha shida mapema, wakati mwingine miaka kabla kifua hakijauma. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia vumbi la Kongo, kapime sukari, presha na mafuta kwenye damu.

Vidonge je?
Sildenafili, ndiyo dawa iliyomo kwenye Viagra, haileti hamu. Inazuia tu kimeng'enya kinachozima kazi ya ile gesi, hivyo bila msisimko haifanyi kitu. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiiguse kabisa: presha inaweza kushuka hadi kumuua.

Na uume ukikataa kulala?
Ukikaa umesimama kwa zaidi ya muda wa saa 4, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane. Damu iliyonasa huishiwa oksijeni na nyama za ndani huanza kufa. Wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, hupatwa zaidi, wakiwemo watoto wa kiume, ambao huona haya kumwambia mzazi.