Seli za kinga za mvutaji: nyingi, chafu, na hazili

"Moshi wa sigara huua seli za kinga kwenye mapafu." Laiti ingekuwa hivyo tu. Ukioshea maji ndani ya pafu la mvutaji kisha ukayatazama maji hayo kwa hadubini, utazikuta seli zimejaa, mara kadhaa zaidi ya zile za asiyevuta. Nyingi ni makrofaji, seli kubwa zinazokaa kwenye vifuko vya hewa na kazi yake ni kumeza vumbi, vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Za mvutaji utazijua kwa rangi: zimebeba chembe za kahawia na nyeusi, uchafu wa moshi uliomezwa na haukumeng'enywa.

Tatizo liko kwenye kula. Makrofaji za mgonjwa wa COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, zikiwekewa bakteria aina ya Haemophilus influenzae huwameza wachache kuliko inavyotakiwa. Hata seli zilizokufa huziacha zilipo, nazo zikioza na kupasuka humwaga vilivyomo na kuchochea uvimbe upya, yaani tishu kuvimba na kuwaka kwa sababu ya kinga. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupata maambukizi ya kifua mara kwa mara ilhali seli za kinga wanazo tele.

Wapo wanaosema wingi huo ni dalili ya kinga imara. Hapo ndipo ninapotofautiana na mazoea ya kuziita seli hizi "askari wa mwili", kwa sababu jina hilo linaficha kwamba silaha zao hazichagui. Nyutrofili, aina nyingine ya seli za kinga ambazo moshi huziita kwa wingi, humwaga kimeng'enya kiitwacho elastezi, chenye uwezo wa kukata nyuzi zinazolipa pafu mnyumbuliko wake. Kwa kawaida protini ya alfa-1 antitripsini hukidhibiti. Mwaka 1963 huko Sweden, watafiti Laurell na Eriksson waliripoti watu waliozaliwa na upungufu wa protini hiyo, na baadhi yao mapafu yalikuwa yameharibika vibaya. Mvutaji hakuzaliwa nao, ila kemikali za moshi huiharibu protini yake papo hapo pafuni. Kuta kati ya vifuko hubomoka, vifuko vidogo vingi vinakuwa mashimo makubwa machache, na kuta hizo hazioti tena.

"Kikohozi cha asubuhi ni mapafu yanajisafisha." Ni kweli nusu. Vinyweleo vya kusukuma makohozi vimelemazwa na moshi, huku makohozi yakizidi kutengenezwa, basi kukohoa ndiyo njia iliyobaki.

Na wasiovuta? Moshi wa kuni na vumbi la kazini huleta COPD vilevile.

Kuna pia anayejipa moyo kwamba dawa ya steroidi ya kuvuta itamkinga huku sigara ikiendelea. Kwa anayevuta bado, dawa hiyo hufanya kazi kwa udhaifu, kwa sababu moshi hupunguza kimeng'enya ambacho dawa hukitegemea kuzima uvimbe.

Mwisho ni wale wawili wanaobishana: mmoja anasema ukiacha tu uvimbe unaisha, mwingine anasema keshachelewa. Wote wamekosea. Kwa wenye COPD, seli za uvimbe, zikiwemo seli nyingine za kinga ziitwazo seli T aina ya CD8, huendelea kuonekana pafuni miaka mingi baada ya sigara ya mwisho. Lakini mwaka 1977 watafiti Fletcher na Peto, waliowafuatilia wanaume wa London kwa miaka 8, walionyesha kwamba pumzi iliyopotea hairudi, ila kasi ya kuipoteza hushuka na kukaribia ile ya asiyevuta.