Je, wajua kwa nini mchoro wa kompyuta hujirekebisha wenyewe ukibadilisha kipimo kimoja?

Chora bamba la chuma kwenye programu ya kuchorea: mstatili wenye urefu wa milimita 200 na upana wa 120, na tundu la duara katikati kabisa. Halafu badilisha urefu uwe 300. Katika mchoro mmoja, upande wa kulia unasogea na tundu linabaki palepale, milimita 100 kutoka kushoto, na katikati si pake tena. Katika mchoro mwingine, tundu linahama lenyewe hadi 150. Kabla hujaigusa, michoro hii miwili ilifanana kama mapacha.

Siri ni masharti. Mchoro wa pili umepewa masharti, wa kwanza hauna. Na masharti yenyewe ni ya namna mbili. Kuna ya umbo, yanayosema vitu vinahusianaje: mistari hii miwili iwe sambamba, ule usimame pembemraba na huu, ncha hizi zikutane, duara liguse mstari bila kuukata. Haya hayana namba. Kisha kuna ya vipimo: urefu 200, kipenyo 20, pembe nyuzi 45. Utamu wa haya ya pili ni kwamba penye namba unaweza kuweka hesabu. Ukiuita urefu wa bamba U na upana P, unaliwekea tundu kitovu chake kwenye U/2 na P/2, basi. Bamba likirefuka, tundu linafuata.

Nyuma ya pazia kuna aljebra ya kawaida. Kila nukta ina x yake na y yake. Ukisema mstari ni mlalo, umesema y za ncha zake mbili zilingane. Ukiupa urefu, umeandika kanuni ya Pythagoras. Ukisema mstari uguse duara, umesema umbali kutoka kitovu hadi kwenye mstari uwe sawa na nusukipenyo. Programu hukusanya milinganyo yote hiyo na kuitatua kwa pamoja kila unapogusa namba.

Wazo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2, ambamo mtu alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini. Unachora mistari ya ovyoovyo, unaagiza iwe sambamba au isimame pembemraba, inajinyoosha. Ajabu ni muda uliopita baadaye. Viwandani, uchoraji wa namna hii ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa programu ya Pro/ENGINEER, na nyingine, AutoCAD, iliyokuwa sokoni tangu 1982, iliyapata masharti haya katika toleo la 2010.

Sasa, programu inajuaje kwamba masharti yametosha? Inahesabu njia za kusogea zilizobaki. Nukta ina 2: kulia na kushoto, juu na chini. Mstari una ncha mbili, kwa hiyo 4. Duara lina 3, kitovu na ukubwa wake. Mstatili ni mistari minne, yaani 16. Kutanisha ncha kwenye kona nne, na kila kona inameza 2: zimebaki 8. Sema pande mbili ni mlalo na mbili ni wima: 4. Weka vipimo vya urefu na upana: 2. Hizo za mwisho ni bamba zima kuteleza kwenye karatasi, kwa hiyo bana kona moja kwenye nukta ya sifuri, pale x na y ni 0, na hesabu inakwisha. Hapo programu ya FreeCAD hugeuza mistari kuwa kijani, na ile ya SolidWorks huitoa kwenye bluu na kuitia nyeusi.

Seremala anaijua hesabu hii bila kuiandika. Fremu ya mbao nne, kila kona ikiwa na msumari mmoja tu, hupinda upande hata kama kila ubao umekatwa kwa kipimo sahihi. Kona nne zina njia 8 za kusogea; urefu wa mbao nne unaziba 4; 3 ni fremu nzima kuhama na kuzunguka; inabaki 1, nayo ndiyo ile ya kulala upande. Ubao wa mshazari unaiziba. Kwenye skrini, sharti moja la pembemraba linafanya kazi ileile.

Kuzidisha nako kuna adhabu. Pembetatu ukishaipa pembe za nyuzi 90 na 60, ya tatu ni 30 utake usitake. Ukiiandika 30, umerudia. Ukiandika 40, umeomba muujiza. Programu itakataa, au itakupa kipimo cha taarifa tu kilichofungwa kwenye mabano, ambacho husoma umbo na hakilitawali.

Kuna jambo moja linalowatisha wanaoanza: unabadilisha namba moja na mchoro unapinduka. Programu haijaharibika. Chukua pembetatu yenye kitako cha 100 na pande nyingine za 80 na 70. Kilele kinaweza kukaa juu ya kitako au chini yake, na milinganyo inaridhika kote kuwili. Programu huanzia mchoro ulipo na kusogea hatua kwa hatua hadi kwenye jibu, kwa hiyo kwa kawaida hufika kwenye lile la karibu. Lakini ulichora rafu (mchoro wa awali wa harakaharaka) ya milimita 10 ukaandika 500? Hatua ya kwanza inakuwa ndefu mno na inaweza kutua upande usio wake. Ndiyo maana mimi huchora rafu inayokaribia ukubwa halisi, nikafunga umbo kwanza, namba baadaye. Wanaoanza na namba huishia kufukuzana na mistari.

Na kama hesabu inasema bado kuna njia iliyo wazi nawe huioni, acha kukodoa macho kwenye orodha ya masharti. Shika kona kwa kipanya uivute. Bamba likiteleza zimazima, hujabana kona. Likinenepa, upana hauna kipimo. Halijasogea? Vuta tundu; likitembea peke yake, kuna U/2 au P/2 uliyoisahau.