Sindano ya mgongo haikukuharibia kiuno, mama

"Ni ile sindano ya upasuaji." Kina mama kutoka Nanyamba, Tandahimba na hapa Mtwara mjini wanaponijia na maumivu ya kiuno, jibu wanalo tayari: ni sindano ya ganzi waliyochomwa mgongoni walipojifungua kwa upasuaji. Wengine mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa yuko darasa la tatu. Linalonikera zaidi ni pale wanapoambiana wakatae upasuaji kwa kuogopa sindano. Kukataa upasuaji unaohitajika kunaua mama na mtoto.

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na 9 za chini zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka humo, kwa mtu mzima, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mtaalamu wa usingizi huchoma chini ya hapo, palipobaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Sindano ni nyembamba. Inapita ngozi, ligamenti (nyuzi ngumu zinazoshikanisha mifupa) na utando wa uti; mfupa haiutoboi, na diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, iko mbele zaidi.

Eti maji ya mgongo yalikauka? Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza kama 500 kila siku. Ni kweli pale palipochomwa huweza kuuma siku chache, na wapo wanaoumwa kichwa vibaya wakiinuka. Hao warudi hospitali. Lakini waliojifungua kawaida, bila sindano yoyote, nao wamejaa kwenye foleni yangu wakilalamikia kiuno kilekile.

Chanzo kikubwa ni ujauzito wenyewe na kazi zinazoufuata. Homoni hulegeza ligamenti za nyonga. Misuli ya tumbo, inayokishika kiuno kwa mbele, hutanuka miezi yote ile, na kiuno huzidi kupinda kwa ndani. Baada ya hapo mtoto yuko mgongoni kwa mbeleko, msimu umefika, na mama ameinama kuokota korosho tangu alfajiri. Kufunga tumbo kwa kanga kunaleta nafuu, ila misuli haipati nguvu kwa kufungwa. Jeraha likipona na daktari akikuruhusu, lala chali, kunja magoti, toa pumzi ukivuta kitovu ndani, kisha inua makalio. Mara kumi, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Tafadhali, si siku mbili kisha unarudi kwa mkandaji!

Wanaosema kila kiuno ni figo: maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, na kuinama hakuyabadilishi sana.

Wengine husema diski "imechomoka". Haichomoki. Imeshikamana na pingili juu na chini. Ukingo wake ndio unaoweza kuchanika, ute wa ndani ukasukumwa nje na kubana neva. Kukanyagwa mgongoni hakuurudishi. Nyingi hutulia zenyewe kwa muda, mradi uendelee kutembea. Kulala wiki nzima kunadhoofisha misuli tu.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kukojoa, au mguu ukalegea, nenda hospitali leo hii. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda upimwe kifua kikuu, maana kinashambulia pingili pia, hata kwa mtu asiyekohoa.